Konea ya mikroni 480: uzoefu wangu wa PRK badala ya LASIK

Konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, za watu wengi zina unene wa mikroni 540 hivi katikati (mikroni 1,000 ni milimita moja). Zangu ni 480, na miwani ilikuwa -6.00 macho yote mawili. Nilifanyiwa PRK, ambayo kama LASIK ni upasuaji wa leza unaochonga konea ili kuondoa miwani, na huduma ya kliniki naisifia hasa kwa kuwa daktari alinipigia hesabu kwenye karatasi kabla bei haijatajwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua kipenyo cha eneo linalotibiwa kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa diopta (namba ya miwani), kisha gawa kwa 3. Eneo la milimita 6.5 kwa diopta 6 linadai mikroni 85 hivi, na mashine nyingine hula zaidi kidogo. LASIK hukata kwanza kifuniko cha juu ya konea, tuseme cha mikroni 110. Ukitoa vyote kwenye 480, chini yake zinabaki 285. Wapo watakaokwambia inatosha, maana kikomo kinachotajwa sana ni 250. Lakini 110 na 85 ni 195, zaidi ya asilimia 40 ya unene wote, na kuanzia hapo hatari ya konea kulegea na kuchomoza mbele inapanda, hata kama vipimo vingine ni vizuri. Kifuniko kikisharudishwa mahali pake hakibebi tena mzigo kama zamani.

PRK haina kifuniko. Utando wa juu, mikroni 50 hivi, hulegezwa kwa alkoholi iliyozimuliwa, hukwanguliwa, leza inapigwa, kisha utando unaota upya. Chini yake nimebakiwa na 345.

Ukiambiwa watapunguza eneo hadi milimita 6.0 ili konea nyembamba itoshe, ni kweli utaokoa mikroni 13. Ila uliza kwanza mboni yako inapanuka kiasi gani gizani. Ikizidi eneo lililotibiwa, taa za magari usiku zitakuwa na miduara.

Na unene peke yake usikutulize. Konea ya 560 iliyochongoka upande wa chini, au iliyotuna kwa nyuma, haifai kuguswa na leza ya kuondoa miwani. Dai ramani ya umbo la konea ya pande zote mbili, mbele na nyuma. Kabla ya kipimo vua lenzi: laini wiki 1 hadi 2, ngumu wiki 3 au 4, kwani hubadilisha umbo la konea na namba zikadanganya.

Upande mgumu wa PRK ni maumivu. Siku 3 za mwanzo jicho linawaka na kutiririsha machozi. Lenzi laini ya kulinda jeraha hutolewa utando ukishafunga, kwa kawaida siku ya 4 au 5. Uoni hupanda na kushuka kwa wiki kadhaa. Kwa namba kubwa kama yangu kuna hatari ya ukungu kwenye konea, ndiyo maana hupakwa dawa ya mitomisini ya asilimia 0.02 kwa sekunde chache, kisha matone ya steroidi kwa wiki nyingi. Matone hayo huweza kupandisha presha ya jicho, kwa hiyo usiruke miadi. Miwani ya jua ni lazima.

Kasoro moja ya kliniki: karatasi ya vipimo vya kabla ya upasuaji hawakunipa mpaka nilipoidai. Hiyo ni ya kutunza maisha yote. Konea iliyopunguzwa husomesha presha ya jicho chini kuliko ilivyo, na siku ya upasuaji wa mtoto wa jicho, daktari asiyejua konea ilikuwaje anaweza kukosea nguvu ya lenzi atakayoweka.