Pikipiki Imepata Pancha Mtwara: Uzibe, Ununue Tyubu au Ubadilishe Tairi?

Fundi pancha akishaegesha pikipiki yako, swali lake la kwanza ni moja: "Nizibe au niweke mpya?" Wengi wetu tunajibu tukiwa tumeangalia mfuko, hatujaangalia tairi. Nimeendesha bodaboda kati ya Mtwara mjini, Mikindani na Naliendele kwa miaka mingi. Sasa nina pikipiki mbili, zinaendeshwa na vijana ambao wazazi wao nawafahamu. Hela ya pancha inatoka kwangu, na vijana hao wanarudi nyumbani salama au hawarudi kutokana na matairi ninayowanunulia. Huu ndio mpangilio ninaoufuata, kuanzia ninacholipia bila wasiwasi hadi nisichokitaka kabisa.

Kabla ya kununua chochote, tairi lipapaswe ndani

Usiku mmoja nilipata pancha nikitokea Nanyamba. Fundi wa njiani akavuta tyubu, akaona tundu, akaziba, akarudisha. Tairi lenyewe hakuligusa. Sikufika mbali, gurudumu la nyuma likaanza kuyumba tena, nikasukuma pikipiki gizani mpaka mikono ikafa ganzi.

Asubuhi nilimpelekea mzee mmoja wa Mikindani anayefanyia kazi chini ya mwembe. Alivua tairi, akazungushia kidole chake kipande cha kanga kuukuu, akakipitisha taratibu upande wa ndani. Kanga ikanasa. Akaleta koleo, akavuta mwiba mweusi, mfupi kuliko punje ya mchele. Kichwa chake kilikuwa kimevunjikia nje, imebaki ncha tu ndani. "Pancha yako ni hii, mjomba," akaniambia. "Ile ya jana uliilipia bure."

Tangu siku ile siondoki kwa fundi kabla kitambaa hakijapita. Kuna pia njia ya kufupisha kazi: laza tyubu juu ya tairi, vali ikae palepale ilipokuwa. Tundu la tyubu litakuonyesha sehemu ya tairi ya kukagua.

Tena angalia tundu liko upande gani. Likiwa upande wa nje, unaogusa tairi, tafuta mwiba au msumari. Likiwa upande wa ndani, unaogusa rimu, usihangaike na mwiba. Huko adui ni kichwa cha spoki au kutu. Sisi wa pwani, Shangani, Mikindani, Msimbati, mpaka Lindi mjini, tunaishi na hewa ya chumvi, na rimu za chuma zinaoza kwa ndani huku nje zinang'aa. Zipigwe msasa, kisha ukanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoki ubadilishwe. Fundi anaweza kukukatia ukanda huo kutoka kwenye tyubu kuukuu. Usipofanya hivyo, hata ukinunua tyubu tatu zitatoboka palepale. Matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba yana maana nyingine: tyubu imebanwa. Ama ulipiga shimo upepo ukiwa mdogo, ama fundi aliibana kwa vyuma vyake wakati wa kuvalisha tairi. Likiwa kosa la fundi, utamdai nani mwingine? Mwambie papo hapo, kabla hujalipa.

Namba 1: Kiraka cha kuchoma

Kama tundu ni moja, dogo, la msumari au mwiba, na liko mbali na vali, ziba. Usione aibu. Kiraka kilichochomwa vizuri hudumu mpaka tyubu yenyewe ichoke, na hakuna kitu cha bei rahisi kuliko hicho. Mimi nalipa shilingi 2,000.

Kuna kiraka cha gundi na kiraka cha moto. Cha gundi hakina ubaya kama fundi ana subira: asugue tyubu kwa msasa mpaka ing'ae kijivu, apake gundi, aiache ikauke mpaka ukigusa haikunati vidoleni, ndipo abandike na kugandamiza. Mafundi wengi wanabandika gundi ikiwa bado mbichi kwa sababu mteja anaangalia saa. Kiraka hicho kinafunguka jua la mchana likishapasha lami. Cha moto, kile ambacho fundi anakibana kwa chuma na kuwasha petroli kidogo kwenye kikombe cha pistoni kuukuu, kinashikana na tyubu na kuwa kitu kimoja. Kwa mizigo yetu, nachagua cha moto. Asiondoe kibano kabla hakijapoa.

Tyubu ikishafika viraka vitatu, mimi naiweka pembeni kwa kukatia mikanda ya rimu.

Namba 2: Tyubu mpya

Nunua tyubu mpya kama tundu limepasuka kwa urefu, kama viraka vimesongamana, au kama imekatika kwenye shina la vali. Hilo la vali halizibiki, na atakayekuambia linazibika anakutafutia safari ya kurudi kwake.

Kukatika kwa vali nimekuona zaidi kwa wanaokwenda Msimbati. Mchanga wa kule ni mwingi, madereva wanapunguza upepo ili tairi litambae lisizame, na hilo ni jambo la busara. Tatizo ni kurudi kwenye barabara ngumu bila kujaza. Tairi lenye upepo mdogo linateleza juu ya rimu kila unapokamata breki au kuvuta mafuta, linaburuta tyubu, na vali inabaki imeshikwa na nati yake. Ukiona vali imelala upande badala ya kusimama wima, simama. Bado kidogo ikatike.

Dukani, soma ubavu wa tairi lako kwanza. Boxer na TVS nyingi za bodaboda zimeandikwa 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha rimu. Pikipiki nyingi za Kichina zina rimu ya 18. Usikubali kuambiwa "hii inaingia tu". Tyubu ya 18 kwenye rimu ya 17 inajikunja, na penye mkunjo ndipo itakapokatika. Tafuta iliyoandikwa BUTYL, maana mpira huo unatunza upepo muda mrefu zaidi. Chukua iliyo ndani ya boksi, siyo ile iliyoning'inia juani mlangoni kama pambo.

Ukinunua moja, ongeza ya pili uiweke chini ya kiti imefungwa kwenye nailoni. Kutoka Mtwara kwenda Tandahimba au Newala, au ukiingia ndani ya Lindi kuelekea Ruangwa, utapata fundi mwenye vyuma lakini asiye na tyubu ya saizi yako. Tyubu ya akiba imenirudisha nyumbani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Namba 3: Tairi jipya pamoja na tyubu yake

Hapa ndipo watu wanapochelewa. Tairi likiwa kipara, mwiba ambao kashata, yale meno ya mpira yanayokanyaga chini, ingeuzuia unaingia moja kwa moja. Ukipata pancha tatu ndani ya mwezi na rimu ni safi, acha kulaumu barabara. Angalia vijivimbe vidogo vilivyo kwenye mifereji ya tairi. Kashata ikishuka ikalingana navyo, tairi limekwisha. Vilevile limekwisha likionyesha nyuzi, likichanika ubavuni au likivimba mahali pamoja. Ubavu hauna kiraka.

Ukinunua, tafuta tarakimu nne kwenye ubavu, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi linaweza kuwa halijatembea hata hatua moja na bado likawa limezeekea stoo. Wanaobeba magunia ya korosho kwenda maghala ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, kuanzia Oktoba, chukueni la nyuma lililoandikwa 6PR ubavuni, linabeba zaidi kuliko la 4PR. Kashata kubwa za matofali zinafaa kwa mchanga na njia za mashambani, lakini kwenye lami ya Masasi mvua ikinyesha zinateleza na zinaisha upesi. Kwa anayechanganya njia zote mbili, kashata za wastani zinatosha.

Nawaomba sana: msichukue tairi la nyuma lililochoka mkalihamishia mbele. Pancha ya nyuma inakuyumbisha. Ya mbele inakuangusha, wewe na mama uliyempakia na mtoto wake mgongoni.

Fundi alivalishe kwa kufuata mshale ulio ubavuni, na anyunyize poda ndani ili tyubu isinate. Kilomita mia za mwanzo nenda taratibu, tairi jipya lina utelezi.

Namba 4: Tairi lisilo na tyubu

Watu wanaliita tyubulesi. Ni zuri kweli: msumari ukiingia, upepo unatoka polepole, na linazibwa kwa uzi wenye gundi bila kuvua gurudumu. Nimeliweka la nne kwa sababu linataka rimu ya sporti isiyo na spoki, na rimu hiyo ikipinda kidogo kwenye shimo upepo unavuja. Kwa anayezunguka mjini tu, lipande hadi namba mbili. Kwa anayelala Kitangari au Nachingwea, asubiri kwanza.

Namba 5: Dawa ya pancha

Yale maji mazito ya kumiminwa kwenye vali. Yanasaidia tundu dogo la mwiba yakufikishe kwa fundi. Hayazibi mpasuko, na fundi akishafungua atapata shida kubandika kiraka kwenye tyubu iliyolowa. Yawe ya dharura tu.

Nisichokitaka: tairi lililotumika, na kipande cha tairi kuukuu kilichowekwa ndani kufunika mchaniko. Kipande hicho kinasugua tyubu kutwa nzima na kulipasha joto tairi. Sikiweki kwenye pikipiki inayobeba mtu.

Kazi ikiisha, usipande kwanza. Gurudumu la nyuma likivuliwa, fimbo ya breki inafunguliwa pia, na nimewahi kukabidhiwa pikipiki ambayo fimbo hiyo imerudishwa bila nati. Kanyaga breki huku umesimama. Shika nati ya ekseli, angalia mnyororo umenyooka, zungusha gurudumu uone halipepesuki. Jaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki yako, siyo kwa kubonyeza kidole. Mwisho tia mate kwenye ncha ya vali kabla ya kufunga kifuniko chake. Yakitoa povu, mrudishie fundi palepale akaze sindano ya vali.