Uzoefu wangu na Debian slim kama msingi wa imeji za kontena

Imeji zetu zote za kontena (vifurushi vyenye programu pamoja na kila inachohitaji ili iendeshwe) zimesimama juu ya bookworm-slim, yaani umbo jepesi la Debian 12, mfumo wa Linux, tangu mwaka ilipotoka, 2023. Kabla yake nilikuwa na Alpine, mfumo mwingine wa Linux. Niliipendea wepesi: megabaiti chache tu, wakati Debian slim inakaribia 75. Lakini Alpine inatumia musl kama maktaba yake ya msingi ya C, badala ya glibc ya Debian, na sisi tunaandika Python. Kifurushi kisipokuwa na toleo lililotayarishwa kwa musl, pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, inakikompaili upya, hivyo unaongeza kikompaila cha gcc na mazagazaga yake, na ujenzi wa dakika moja unafika kumi na kitu. Wepesi wote ukaishia hapo. Kwa programu za Go zinazojitosheleza ndani ya faili moja, Alpine bado naisifu.

Kusasisha ndiko kulikonifunza zaidi. Dockerfile yetu, faili la maelekezo ya kujenga imeji, ilikuwa na mstari wa apt-get upgrade unaosasisha vifurushi, na imeji zilijengwa kila wiki, kwa hiyo niliamini viraka vya usalama vinaingia. Siku moja nikaingia ndani ya kontena lililokuwa kazini, nikaandika apt-get update, kisha apt list --upgradable, inayoonyesha vifurushi vinavyongoja kusasishwa. Orodha ikateremka mpaka chini ya skrini, openssl, maktaba ya usimbaji fiche, ikiwemo. Moyo ulinidunda. Kufungua kumbukumbu za ujenzi, kando ya mstari ule nakuta CACHED, wiki baada ya wiki. Mstari haukubadilika, basi tabaka la zamani likawa linachukuliwa vilevile lilivyo. Sasa tunajenga kwa --pull (kuvuta msingi mpya) na --no-cache (kutotumia matabaka ya zamani) kila Jumatatu, hata kama hakuna aliyegusa msimbo. Inachukua muda mrefu zaidi, na sijutii hata dakika moja.

Lebo ya latest siitumii kabisa, kwa sababu toleo jipya likitoka inakuhamisha bila hodi. Kutoka Debian 11 kwenda 12 tu, OpenSSL ilitoka 1.1.1 ikawa 3.0, na pip ya mfumo ikaanza kukataa kusakinisha nje ya mazingira pepe, yaani folda iliyotengwa yenye vifurushi vyake yenyewe. Mabadiliko kama hayo nataka niyaanze mwenyewe, asubuhi, nikiwa na nafasi ya kurudi nyuma.

Trixie, yaani Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, tumeiweka kwenye tawi la majaribio. Huduma mbili zimeshapita; ya tatu bado inadai maktaba moja ya zamani.