Atorvastatini katika famasi za Moshi: dawa nzuri, maelezo haba

Atorvastatini, ambayo wengi wetu tunaiita dawa ya kolesteroli, inapatikana bila taabu katika famasi kubwa za Moshi mjini. Mama yangu mkubwa anatumia kidonge cha miligramu 20 kila siku kwa maelekezo ya daktari wake, na mara nyingi mimi ndiye ninayemnunulia. Tathmini hii inahusu dawa yenyewe pamoja na namna inavyokabidhiwa kwa mnunuzi, kwa sababu katika dawa ya aina hii mambo hayo mawili hayatenganishwi.

Nianze na dawa, ambayo naisifu bila kusita. Kolesteroli haitokani na nyama choma na mtori pekee. Sehemu kubwa mwili huitengeneza wenyewe, hasa kwenye ini, kwa mfululizo wa hatua za kikemia unaoitwa njia ya mevalonati. Hatua inayoamua kasi ya kazi yote huendeshwa na kimeng'enya (protini inayoharakisha hatua ya kikemia) kiitwacho HMG-CoA reduktasi, na hicho ndicho atorvastatini inachokizuia. Kolesteroli ikipungua ndani ya seli za ini, seli hizo huongeza vipokezi vya LDL, yaani protini za kudaka chembe zinazobeba kolesteroli kwenye damu, na kuiondoa LDL humo. Michael Brown na Joseph Goldstein, waliogundua vipokezi hivyo, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Asili ya kundi hili la dawa, liitwalo statini, ni kuvu: mwanzoni mwa miaka ya 1970, Akira Endo wa Japani alipima maelfu ya aina za kuvu hadi akaipata kompaktini, statini ya kwanza, katika kuvu aina ya Penicillium citrinum. Ushahidi mzito ulitolewa mwaka 1994, pale utafiti uliofanyika katika nchi za Skandinavia kwa wagonjwa wa moyo 4,444 ulipoonyesha kwamba simvastatini, ndugu wa atorvastatini, ilipunguza vifo kwa asilimia 30. Kipimo cha miligramu 20 cha atorvastatini hushusha LDL kwa takriban asilimia 40, na kukiongeza maradufu huongeza punguzo hilo kwa pointi 6 hivi tu, jambo ambalo wanaodhani kwamba kidonge kikubwa kina nguvu mara mbili wangefaa kulijua.

Hata hivyo, kolesteroli si zao pekee la njia hiyo. Mevalonati ni kama mfongo, yaani mfereji wa umwagiliaji, unaoshuka kutoka mlimani: anayepunguza maji kwenye banio la juu huwapunguzia wenye mashamba wote walio chini, si jirani mmoja. Humo hutoka ubikwinoni (koenzaimu Q10), ambayo mitokondria, mitambo ya nishati ndani ya seli, huihitaji kuzalisha nishati; hutoka dolikoli, inayosaidia kuunganisha sukari na protini; na hutoka minyororo ya farnesili na geranilgeranili, ambayo hubandikwa kwenye protini kama Ras na Rho ili zishike kwenye utando wa seli na kufanya kazi yake. Watoto wachache wanaozaliwa na hitilafu ya mevalonati kinase, kimeng'enya kinachofuata katika mfululizo huo, hupata homa zinazojirudia kwa sababu mazao hayo ya chini hupungua. Alendronati, dawa ya mifupa iliyodhoofika, nayo hufanya kazi katika njia hiyohiyo, hatua chache chini ya atorvastatini. Kwa hiyo anayeuza kidonge hiki anauza kitu kinachogusa mengi mwilini, na ndiyo maana nalalamikia ukimya wa baadhi ya wauzaji.

Katika famasi moja, ambayo sitaitaja, muuzaji alitia vidonge kwenye bahasha ya karatasi, akaandika "1 x 1", akapokea fedha na kumwita mteja aliyefuata. Karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani ya boksi ilikuwa ya Kiingereza, kwa herufi ambazo mzee hawezi kuzisoma. Katika famasi nyingine, siku tulipokwenda pamoja na mama mkubwa, mfamasia kijana alianza na swali.

"Shikamoo mama. Kuna dawa nyingine unazotumia kila siku, hata za kienyeji?"

"Marahaba mwanangu. Za presha tu."

Hakuridhika na neno presha. Aliomba kuona boksi. Ilikuwa amlodipini, naye akaeleza kwamba kwa atorvastatini hakuna tatizo kubwa, lakini angekuwa anatumia simvastatini, kipimo kisingepaswa kuzidi miligramu 20 kwa siku. Hiyo ndiyo huduma ninayoitaka. Simvastatini na atorvastatini huvunjwavunjwa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP3A4, na dawa zinazokizuia, kama vile klarithromaisini, itrakonazoli na ritonaviri iliyomo katika baadhi ya mchanganyiko wa ARV, huweza kuzipandisha sana kwenye damu na kuumiza misuli. Mtu anayetumia ritonaviri hapaswi kabisa kupewa simvastatini. Hilo halina maana kwamba wanaoishi na VVU wanyimwe kundi hili la dawa, kwani utafiti wa kimataifa uliotolewa mwaka 2023, ambao Uganda ilishiriki, ulionyesha kwamba pitavastatini, statini nyingine, iliwapunguzia matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35. Kinachohitajika ni kuchagua dawa inayofaa, na uchaguzi huo hauwezekani bila mgonjwa kuulizwa.

Mfamasia huyo aliongeza kwamba maumivu ya misuli yasiyoeleweka, hasa yakiambatana na mkojo mweusi, ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Nilipomuuliza kuhusu vidonge vya koenzaimu Q10 vilivyopangwa nyuma yake, alisema wazi kwamba tafiti hazijathibitisha kuwa vinazuia maumivu hayo, ingawa angeweza kutuuzia na kupata faida.

Kwa dawa natoa nyota 5. Kwa famasi ya pili natoa nyota 4, kwa kuwa haikutukumbusha kwamba kipimo cha mafuta kwenye damu hurudiwa wiki 4 hadi 12 baada ya kuanza dawa. Kwa ile ya kwanza natoa nyota 2, kwa sababu dawa ilikuwa halisi na haijapita muda wake. Mjamzito, anayetarajia kushika mimba na mwenye ugonjwa wa ini asinunue kabla ya kuonana na daktari, hata pale muuzaji asipomuuliza lolote.