Nyumba ya Aiken-Rhett, Charleston: Tenga Muda wa Ua wa Nyuma

Anayetaka kuona nyumba ya kale ya Kusini mwa Marekani iliyopakwa rangi mpya na kujazwa fanicha zinazong'aa atakuwa amepotea njia akiingia Mtaa wa Elizabeth mjini Charleston, South Carolina. Wakfu wa uhifadhi uliolinunua jumba hili mwaka 1995 uliamua kulizuia lisiharibike zaidi, bila kulirudishia ujana wake. Kwa hiyo karatasi za ukutani zimebambuka, plasta imepasuka, na rangi za vizazi kadhaa zinachungulia moja chini ya nyingine. Binafsi naona uamuzi huo ndio unaolipatia jumba thamani.

Mfanyabiashara John Robinson alilijenga mwaka 1820, na mwaka 1827 likaingia mikononi mwa akina Aiken. William Aiken mwana, aliyekuja kuwa gavana wa jimbo, alihamisha hata mlango mkuu, akaongeza ukumbi wa dansi na, mwaka 1858, chumba maalumu cha michoro na sanamu alizonunua Ulaya. Varanda za nguzo, moja juu ya nyingine, zinaelekea kusini ili zipate upepo. Hilo mtu yeyote wa pwani ataelewa bila kuelezwa.

Fedha za anasa hiyo zilitoka kwenye mashamba ya mpunga ya Kisiwa cha Jehossee, ambako Aiken alimiliki mamia ya watumwa. Wengine waliishi hapa hapa mjini, nyuma ya jumba, na sehemu hiyo ndiyo iliyonishika zaidi. Jiko na chumba cha kufulia viko chini, vyumba vya kulala vya watumwa viko juu yake, na ng'ambo ya ua limesimama banda la farasi na magari yao. Ajabu ni kwamba majengo haya ya kazi yamepewa madirisha yenye ncha za mtindo wa Kigothi, kama ya makanisa ya kale ya Ulaya, urembo ambao nashuku ulikusudiwa kuburudisha macho ya waliokaa varandani kuliko waliolala ndani yake.

Dereva wa gari la farasi aliyetuzungusha mjini asubuhi ile alisifu nguzo na varanda, lakini ua hakuutaja kabisa. Ukienda, tenga saa mbili, na angalau moja uimalizie huko nyuma.