Picha za familia kwenye Ente: uzoefu wangu baada ya kuzitoa Google

Picha za nyumbani naziweka Ente, programu ya kuhifadhi picha mtandaoni. Za biashara nimeziacha Google Photos. Naipa Ente nyota 4 kati ya 5, na nitasema ile moja nimeikatia nini.

Kwanza swali ambalo hapa Mwanza watu hawachoki kuliuliza: hivi hawa jamaa wa kampuni za mtandao wanaangalia picha zetu? Ndiyo, ila kuna namna mbili, na tofauti yake ni kubwa. Ya kwanza ni kulinganisha. PhotoDNA ya Microsoft, ya tangu 2009, hugeuza picha kuwa mfuatano wa namba, kisha namba hizo hulinganishwa na orodha ya picha za unyanyasaji wa watoto zinazojulikana tayari. Mwanao anayeoga kwenye beseni hayumo kwenye orodha hiyo, na namna hii sina ugomvi nayo. Ya pili ndiyo inayoninyima raha: programu iliyofundishwa kukisia picha ambayo haijawahi kuiona. Mwaka 2021 baba mmoja wa San Francisco alimpiga picha mwanawe sehemu za siri zilizovimba ili daktari aone. Google ikafunga akaunti yake. Polisi walichunguza, hawakuona kosa, lakini akaunti haikurudi. Barua pepe, namba ya simu na picha za miaka vikaenda pamoja. Apple nayo Agosti 2021 ilitangaza kulinganisha picha ndani ya simu kabla hazijapanda iCloud, hifadhi yake ya mtandaoni, hatua ichukuliwe zikifika kama 30 zinazofanana na za kwenye orodha. Watu walipiga kelele, mwezi uliofuata ikaahirisha, na Desemba 2022 ikauacha mpango.

Sasa fuata njia ya picha ya kwetu. Mama yuko Ukerewe, mtoto ana upele mapajani, anapiga picha anamtumia daktari kwa WhatsApp. Huko imefungwa kwa ufunguo wa siri, wanaiona wao wawili tu. Lakini ile aliyoipiga kwa kamera ya simu imebaki kwenye galari, na kama bakapu imewashwa, simu ikikuta Wi-Fi inaipandisha yenyewe kwenye seva ambayo ufunguo wake anao mwenye seva. Mama hata hajui. Ndiyo maana nasema tatizo haliko kwenye kutuma, liko kwenye bakapu.

Ente hufunga picha ndani ya simu kabla ya kuipandisha, na ufunguo unabaki kwako. Haiwezi kukagua hata ikitaka. Msimbo wake (maandishi ya kompyuta yanayoiendesha), wa programu na wa seva, uko wazi kwa anayejua kuusoma. Kupanga nyuso pia hufanyika ndani ya kifaa chako, na hakuanzi mpaka ukuwashe mwenyewe. (Programu za nyuso, yoyote ile, huchanganya watoto wa tumbo moja. Kulwa na Doto wakiwekwa kama mtu mmoja, warekebishe kwa mkono.)

Kuhama kunataka kompyuta. Ingia takeout.google.com, ukurasa wa Google wa kuchukulia data zako, ondoa tiki zote, weka Google Photos peke yake, chagua faili za GB 2. Usichukue za GB 50: umeme ukikatika katikati unaanza upya. Linki ikifika kwenye barua pepe, shusha ndani ya siku 7, baada ya hapo inakufa. Kisha tumia Ente ya kompyuta, siyo ya simu. Pembeni ya picha utakuta vifaili vya JSON, vyenye maelezo ya kila picha, usivifute! Picha zilizopita WhatsApp huwa zimevuliwa tarehe na mahali, kwa hiyo tarehe unayoijua iko kwenye hivyo vifaili, na Ente ya kompyuta inavisoma. Ukivitupa, harusi ya 2016 itakaa na picha za juzi.

Piga hesabu ya muda. GB 12 kwa mtandao unaopandisha megabiti 5 kwa sekunde ni zaidi ya saa 5, na hiyo ni mtandao ukitulia. Anza usiku.

Usifute Google mpaka ulinganishe idadi za pande zote mbili. Na ukifuta picha ndani ya Google Photos, inaondoka na kwenye simu. Iliyokuwa na bakapu hukaa kapuni siku 60. Ukimaliza, zima bakapu. Pita pia kwenye orodha ya mafolda ya simu uone kama WhatsApp Images haijawashwa, wengi huiwasha bila kujua.

Nyota niliyoikata: Ente inakupa maneno 24 ya kufungulia akaunti. Ukisahau nywila, maneno huna, hakuna kifaa ambacho bado kimefungua akaunti yako wala mtu uliyemteua mapema kukurudishia, picha zimekwenda, hakuna wa kumpigia simu. Ndiyo gharama ya kushika ufunguo mwenyewe, ila kwa mzazi anayebadili nywila kila mwezi ni hatari kweli. Yaandike kwa kalamu, uyaweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Ukiyapiga skrinshoti yataingia galari, na umeshajua galari inakwenda wapi. Nafasi ya bure ni GB 10, pungufu ya 15 za Google.

Kitu kingine, maana naona watu wanaiogopa Marekani huku simu wamemwachia fundi wa mtaani pale Makoroboi pamoja na patani: kioo hakihitaji patani ili kibadilishwe. Akitaka kujaribu tachi, simama umfungulie mwenyewe.

Picha za biashara, yaani dagaa wa soko la Mwaloni, magunia, mizani na risiti nimeziacha Google. Hizo wakague wapendavyo.