Pikipiki za zamani za silinda moja zilizofufuliwa: ipi ununue ukiwa Tanga

Rangi mpya na kromu inayong'aa visikuharakishe. Upepo wa chumvi wa Tanga hula chuma kikiwa kimesimama tu, na pikipiki nyingi "zilizofufuliwa" zimepakwa rangi juu ya kutu. Kwa hiyo orodha hii tumeipanga kwa mambo mawili: je, spea unaweza kuzipata madukani Ngamiani, hapo hapo mjini Tanga, bila kuagiza nje, na je, kutu ya pikipiki hiyo inaonekana mapema au inajificha?

Ya kwanza ni Honda CG125, iliyoanza kuuzwa 1976. Valvu zake zinasukumwa na pushirodi (fimbo ndefu za chuma), kwa hiyo hakuna cheni ya taiming ya kulegea na kupiga kelele. Bodaboda nyingi za Kichina zimejengwa kwa kuiga injini hii, na fundi yeyote wa kijiweni anaijua. Nafasi ya tapeti (kwenye valvu) ni 0.08 mm injini ikiwa baridi, ya platini (swichi ya cheche) 0.3 hadi 0.4 mm, na oili ya kubadilisha ni kama lita 0.9. Spea zinafanana ila si zote zinaingiliana, kwa hiyo nenda dukani na kipande cha zamani mkononi. Mtego mkubwa ni injini iliyobadilishwa: CG halisi ina pistoni ya 56.5 mm, ya Kichina ya cc 150 ina 62 mm. Ikiwa namba ya injini haifanani na kadi ya usajili, hiyo si CG tena, ni bodaboda iliyovaa tangi la Honda. Bei ishuke hapo hapo.

Ya pili, Honda C70 au C90. Haili mafuta, haina klachi ya mkono, inafaa sana mjini. Ubaya wake ni fremu ya bati lililokunjwa: chumvi na tope huingia ndani na kuiozesha kutoka ndani kwenda nje. Lala chini, gonga kwa bisibisi karibu na pivoti ya mkono wa nyuma (pale mkono unaoshika gurudumu la nyuma unapoungana na fremu). Sauti ikiwa butu, achana nayo.

Honda XL125S inakuja ya tatu. Ni nzuri kwa barabara za mashamba ya mkonge, lakini kamshafti yake (shafti inayofungua valvu) inazunguka moja kwa moja kwenye aluminiamu ya silinda hedi, bila beringi. Aliyeiendesha na oili pungufu ameshaua hedi, na hedi nzima ni ngumu kuipata.

Yamaha DT175 tumeiweka ya nne, ingawa kwa raha ya kuendesha ingekuwa juu zaidi. Ni ya mipigo miwili, yaani huchoma oili pamoja na petroli, na mafundi wengi huondoa pampu inayoingiza oili hiyo wakasema "changanya tu." Sawa, changanya 1 kwa 40, yaani mililita 125 kwa lita 5 za petroli. Ila ukishuka Lushoto kuja Mombo umefunga gesi, petroli inapungua na oili nayo inapungua, huku injini inazunguka kwa kasi. Pistoni hung'ang'ania hapo. Angalia pia sili za krenki (shafti kuu ya injini), zinazokauka pikipiki ikikaa muda mrefu. Sili ya upande wa sumaku ya kuzalisha umeme ikivuja, injini inavuta hewa na mlio haushuki ukiachia gesi. Ya upande wa klachi ikivuja, moshi mweupe hauishi na oili ya gia inapungua bila tone chini.

Royal Enfield Bullet 350 na BSA Bantam ni za mwenye subira na pesa za kuagiza. Bullet za zamani gia iko mguu wa kulia na breki ya nyuma kushoto. Jizoeze uwanjani kwanza.

Ukienda kukagua, mwambie muuzaji asiwashe kabla hujafika, kisha shika silinda: iwe baridi. Piga kiki, lazima ipinge mguu. Moshi wa bluu wakati wa kuwasha tu huwa ni sili za valvu au vijibomba vinavyoongoza valvu, ukiongeza gesi na ukazidi ni ringi za pistoni. Uliza silinda imepigwa boringi ngapi (imetanuliwa kiasi gani), kwani ikishafika 1.00 mm kinachofuata kwa kawaida ni slivu, yaani kuwekewa ganda jipya la ndani. Pitisha sumaku ndogo juu ya tangi. Isiponata kuna pati, lipu ya kuziba mashimo chini ya rangi. Fungua mfuniko umulike ndani kwa tochi, maana ganda la kutu litaziba jeti ya kabureta (kitundu kinachopitisha petroli) kila wiki. Telezesha ukucha kwenye bomba za shokapu za mbele juu ya sili: vishimo vya kutu vitachana sili mpya mapema sana. Taa ikififia kwenye mlio wa chini, huenda ni ya volti 6. Kuipeleka 12 si kubadilisha balbu tu.

Mwisho, namba ya chesisi isomeke kwenye chuma chenyewe na ilingane na kadi, na jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Mkataba uandikwe, uhamisho ufanyike TRA kwa TIN zenu wote wawili, na sehemu kubwa ya pesa itoke baada ya hapo.