Breki pedi za mbele: miezi mitano ya kushusha maziwa kutoka Marangu

Kazi yangu ni maziwa. Kila alfajiri napita kwa akina mama wanaofuga huku juu Marangu, nakusanya, nafunga madumu mawili ya lita 20 nyuma ya pikipiki, kisha nashuka hadi Himo na kushika lami ya Moshi. Ni kama kilomita 40. Lango la Mlima Kilimanjaro liko zaidi ya mita 1,800 na mimi naanzia chini yake kidogo. Moshi mjini haifiki mita 1,000. Kwa hiyo breki zangu zinafanya kazi wakati nimebeba mzigo, na kurudi juu narudi mtupu. Pikipiki ni ya cc 150, diski mbele, dramu nyuma.

Mwezi wa tatu nilinunua pedi za shilingi 6,000 kwa sababu zilikuwa nafuu. Wiki saba baadaye zikaanza kulia, nikasema ni matope ya masika. Mkono wa breki nao ukawa unaingia ndani zaidi kila wiki. Asubuhi moja ndama akakatiza barabara mbele yangu, nikabana, nikasikia chuma kinasaga chuma. Pikipiki ilisimama tairi la mbele likiwa ndani ya mtaro. Dumu moja lilipasuka, maziwa yakatiririka na maji ya mvua. Nilipompigia simu mama mwenye maziwa yale, neno lake la kwanza lilikuwa, "Pole baba, wewe mwenyewe mzima?" Nilikuwa mzima, ila mikono ilitetemeka hadi Himo.

Fundi wangu yuko Moshi mjini, upande wa Mbuyuni. Alifungua kalipa, yaani kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, akaziweka pedi zote mbili kwenye kiganja chake, akasema, "Mangi, angalia mwenyewe." Ya nje ilikuwa bado na zaidi ya nusu. Ya ndani ilikuwa imeliwa hadi bati, na bati lenyewe limeng'aa kama sarafu mpya. Nilishtuka, maana juzi yake tu nilikuwa nimeinama nikachungulia, nikaona pedi zipo. Kumbe nilikuwa naangalia ya nje peke yake.

Akanieleza sababu. Kwenye kalipa kama yangu pistoni iko upande mmoja tu. Inasukuma pedi ya ndani, halafu kalipa nzima inatakiwa iteleze kwenye pini zake ili ivute ya nje. Pini zangu zilikuwa zimeganda kwa kutu na grisi iliyokauka, kwa hiyo ya ndani ilikuwa inabeba kazi ya mbili. Haki itendeke basi: kosa halikuwa la pedi za bei rahisi peke yake. Ila na zenyewe zilikuwa zimeanza kumeguka pembeni na kubanduka kwenye bati, na hilo huwezi kulisingizia pini.

Pedi nilizofunga siku hiyo ni za shilingi 15,000, na ufundi 5,000. Fundi alichomoa pini, akazisafisha hadi zikateleza kwa kidole, akapaka grisi ya kuhimili joto. Diski ilikuwa na michirizi, akaipima unene na kulinganisha na kipimo cha mwisho kilichochorwa kwenye diski yenyewe, ikawa bado inafaa. Mafuta ya breki yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Akayatoa yote na kuweka DOT 4 mpya. Mafuta haya hunyonya unyevu taratibu, na yakishakuwa na maji, joto la mteremko mrefu huyachemsha, yanatoa mapovu, mkono wa breki unalegea ghafla. Alinikanya pia tabia yangu ya kuyaongeza kila yakipungua: pedi zinapoliwa, kiwango kinashuka chenyewe, kwa hiyo yakishuka kagua pedi kwanza.

Siku ya kwanza breki zilikuwa nzito na hazishiki. Fundi alikuwa ameshaniambia nisiogope, nitafute barabara tupu bila mzigo, nipunguze mwendo kutoka 40 hadi 10 mara kumi hivi bila kubana kwa nguvu, nikiziacha zipoe kila mara. Nilifanya hivyo jioni ile, na kesho yake zikawa zimekaa.

Sasa ni miezi mitano. Zilipokuwa mpya nyama yake, yaani ile sehemu inayoliwa, ilikuwa milimita 5. Jumapili iliyopita nilipima kwa rula nikapata 3, ndani na nje sawasawa. Hilo la usawa ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Hazijamegeka, hazijaichora diski. Kasoro niliyoiona ni moja: asubuhi yenye ukungu hupiga kelele kwa mara mbili tatu za kwanza, kisha zinanyamaza.

Kila wiki mbili namulika pedi kwa tochi ya simu pande zote mbili, na dramu ya nyuma natazama ule mshale mdogo: ukikanyaga breki ukafika kwenye alama, breki shuu, zile zinazobana ndani ya dramu, zimeisha. Na nimeacha kushuka frii. Vijana wengi kijiweni huzima injini kuanzia juu ili kuokoa petroli, nami nilifanya hivyo miaka miwili. Ndugu zangu, petroli mnayookoa mnailipa kwenye pedi, na breki zikishapata moto hazina msaidizi. Mimi nashuka na gia ya pili na ya tatu, injini inashikilia, breki nazigusa na kuziachia.

Pedi hizi nitanunua tena, ila sitakubali zifungwe bila pini kuchomolewa, hata fundi akiwa na haraka. Nabadilisha zikifika milimita 2, na kwa mwendo huu zitafika mwisho wa Desemba, wakati Wachaga wanapanda nyumbani na barabara ya Himo hadi Marangu inajaa magari na watoto. Sitangoja. Nitazifungua wiki ya kwanza ya mwezi huo.